Geuza Mara Moja Tu: Kuuliza kwa Adabu kwa Kiingereza

Pale kwenye kivuko cha Msanga Mkuu, upande wa Mtwara mjini, mgeni alimsogelea kijana wa bodaboda akamuuliza: "Excuse me, could you tell me what time the last ferry leaves?" Kijana yule namfahamu. Amemaliza kidato cha nne, na Kiingereza chake si haba. Alijibu, "Yes," kisha akanyamaza akisubiri swali lenyewe. Mgeni naye akanyamaza akisubiri jibu. Wakabaki wanatazamana hadi nilipoingilia.

Tulipokaa baadaye nilimuuliza alisikia nini. "Mwalimu," akasema, "nilisikia could, nikajua ananiuliza mambo yaliyopita, kama niliweza. Halafu ikaja what time, lakini sikusikia is wala does, nikaona hilo si swali."

Kila alichosema kina mantiki, maana ndivyo alivyofundishwa: could ni wakati uliopita wa can, na swali la Kiingereza hugeuza maneno. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayotembea mtaani, hotelini, bandarini na kwenye simu, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa hatua kwa hatua.

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Mtwara. Wanafunzi wangu ni madereva wa bajaji, wahudumu wa nyumba za wageni za Mikindani, vijana wanaotafuta kazi bandarini, na akina mama wanaowauzia wasafiri korosho zilizobanguliwa. Mifano nimeichukua kwenye shughuli zao.

Hatua ya 1: Vifahamu vitenzi tisa

Viko tisa: can, could, may, might, will, would, shall, should na must. Kazi zake Kiswahili kimezigawa kwa -weza, -paswa, lazima, huenda, na viambishi kama -ta- na -nge-.

Vina tabia tatu ambazo hazibadiliki. Havichukui s hata mtenda akiwa he au she: "she can", kamwe si "she cans". Kitenzi kinachofuata hubaki kitupu, bila to, bila s, bila ed: "he should go", si "he should to go" wala "he can goes". Na havihitaji do wala does ili kuuliza, vyenyewe vinaruka mbele ya mtenda: "Can you swim?"

Sasa could na would, maana hapa ndipo kijana wangu alipokwama. Unapomwomba mtu jambo, could haihusiani na jana. Tazama Kiswahili chetu chenyewe: "Nataka kujua" na "Ningependa kujua" zote ni za sasa hivi, ila -nge- imelegeza ombi na kumwachia mwenzako nafasi ya kukataa bila aibu. Could na would zinafanya kazi hiyohiyo. "Can you help me?" ni sawa na ni ya kawaida. "Could you help me?" ni laini zaidi. Basi.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwetu Kusini mtu akiingia dukani husema, "Shikamoo mama, naomba sukari kilo moja." Heshima yote iko kwenye shikamoo, kwenye mama, na kwenye naomba. Kiingereza hakina shikamoo, na ukimwita muuza duka wa London "mother" atashangaa. Mwanafunzi akivua vyote hivyo, kinachobaki mkononi ni "Give me sugar". Moyoni ana adabu tele, lakini msikilizaji anapokea amri. Heshima tuliyozoea kuiweka kwenye salamu na majina ya udugu, wenye Kiingereza huiweka kwenye could na would, na katika kulitia swali ndani ya sentensi nyingine badala ya kulirusha usoni. Kwa hiyo sarufi hii si pambo la mtihani. Ndiyo shikamoo yao.

Hatua ya 2: Sema swali kwa Kiswahili kwanza, ulitazame

Sema: "Kivuko kinaondoka saa ngapi?" Sasa litie ndani: "Unaweza kuniambia kivuko kinaondoka saa ngapi?" Tena: "Sijui kivuko kinaondoka saa ngapi." Tena: "Muulize nahodha kivuko kinaondoka saa ngapi."

Swali halikusogea hata herufi moja. Kwetu swali likiwa peke yake au likiwa tumboni mwa sentensi nyingine lina sura ileile. Ndiyo maana mzawa wa Kiswahili huchukua swali zima la Kiingereza na kulibandika kama lilivyo: "Could you tell me what time does the ferry leave?" Ametumia kanuni ya nyumbani kwake. Ataeleweka, lakini sentensi ina kasoro, na kwenye barua ya kazi kasoro hiyo inaonekana mara moja.

Kiingereza kina kanuni nyingine. Swali likisimama peke yake, kitenzi kisaidizi, yaani kimojawapo cha vile tisa, au is, do, does na did, hukaa mbele ya mtenda: "What time does the ferry leave?" Likiingia ndani, hunyooshwa, likarudi kwenye mpangilio wa maelezo ya kawaida: "Could you tell me what time the ferry leaves?" Does imetoweka, na ile s yake imehamia kwenye leave.

Mimi huwaambia wanafunzi hivi: geuza mara moja tu. Kugeuza maneno ni alama inayomwambia msikilizaji kwamba ameulizwa. "Could you" imeshageuzwa, alama imeshatolewa, na huko mbele hakuna haja ya nyingine. Na kama mwanzo ni maelezo, kwa mfano "I don't know", basi hakuna kugeuza popote.

Darasani tunakata maboksi vipande, kila neno kipande chake, tunavitandaza sakafuni. Mwanafunzi analisoma swali, anakiokota kitenzi kisaidizi kilichotangulia mtenda, anakipeleka nyuma ya mtenda. Kikiwa ni do, does au did anakitupa kabisa, na kitenzi kikuu kinarithi alama ya wakati. Fanya hivyo na haya, kwa mkono, si kwa macho tu:

"Where is the market?" inakuwa "Do you know where the market is?"

"When did the bus arrive?" inakuwa "Can you tell me when the bus arrived?"

"What should I bring?" inakuwa "Could you tell me what I should bring?"

"How much does this octopus cost?" inakuwa "Could you tell me how much this octopus costs?"

"Who can take us to Msimbati?" inakuwa "Do you know who can take us to Msimbati?"

Huo wa mwisho haukubadilika, na wanafunzi huhisi wamekosea. Hawajakosea. Who pale ndiye mtenda mwenyewe. Tayari yuko mbele ya can, kwa hiyo swali lilikuwa limenyooka tangu mwanzo.

Kwenye mfano wa pweza, "how much" husafiri pamoja. Usiiache how mbele na kuitupa much nyuma. Vivyo hivyo "how long": "I can't say how long the journey takes", si "how the journey takes long". Kosa hili nalisikia kila wiki.

Na kuna jambo dogo ambalo vitabu vingi hulipita: is ikiangukia mwisho wa sentensi haifupishwi. "Do you know where it is?" ni sahihi, "Do you know where it's?" hakuna mzawa anayeisema.

Hatua ya 3: Chagua mlango wa kuingilia

Swali limeshanyooka, sasa linahitaji mlango. Chukua michache uizoee hadi itoke yenyewe mdomoni. Kwa mtu usiyemfahamu: "Could you tell me...". Kwa jambo linalogusa mambo ya mtu binafsi: "May I ask...", kama katika "May I ask how old your son is?" Kwa barua na barua pepe: "I would like to know...", ambayo ndiyo ningependa kujua yetu. Na kwa ombi zito, unaloliona aibu kidogo kulisema: "I was wondering if you could...". Hii ya mwisho ina was, lakini haisimulii ya jana. Inazidi kurudi nyuma ili kumpa mtu nafasi, kama mtu anayebisha hodi kisha akasogea pembeni ya mlango.

Kabla ya mlango wowote weka "Excuse me". Hiyo ndiyo samahani ya kumsimamisha mtu. "Sorry" ni samahani ya kosa, na pia ni pole; ukimsimamisha mgeni kwa "Sorry" hutakuwa umeharibu, ila "Excuse me" inakaa vizuri zaidi.

Angalia pia tell na explain. Kwa sababu tunasema niambie na nieleze kwa umbo moja, vijana husema "Could you explain me how it works?" Tell humchukua mtu moja kwa moja: "tell me". Explain inataka to: "Could you explain to me how the auction works?" Muuza korosho yeyote anayezungumza na wanunuzi wa nje aishike hii, kwa sababu mnada na stakabadhi ghalani ni mambo ya kuelezana kila msimu.

Kuhusu masikio. Herufi l haitamkwi katika could, would na should, usiitafute. Na mtu anaposema kwa kasi, "could you" husikika karibu na "kuju", na "would you" karibu na "wuju". Mwanafunzi anayesubiri kusikia maneno mawili yaliyotengana atapitwa. Sema mwenyewe "kuju tel mi" mara ishirini ukiwa njiani kwenda sokoni, kisha msikilize mgeni.

Kujibu nako kuna utaratibu. Ukiulizwa "Could you tell me where the bank is?", usijibu could, jibu where: "It's next to the post office." Ile "Yes" peke yake haitoshi, kwa sababu mtu hakuuliza kama una uwezo wa kusema. Na kuna mlango mmoja wenye mtego: "Would you mind telling me where I can park?" Maana yake ya ndani ni "utaona vibaya kuniambia...?" Kwa hiyo anayekubali husema "No, not at all" na kumwelekeza. Ukijibu "Yes" kwa ukarimu wote, neno lenyewe linasema unaona vibaya.

Hatua ya 4: Kama ya kutaka kujua, na kama ya sharti

Maswali ya ndiyo au hapana hayana where wala when, kwa hiyo yakiingia ndani yanahitaji kiungo. Kiswahili kina kama. Kiingereza kina if na whether. "Is the shop open?" inakuwa "Do you know if the shop is open?" "Will it rain?" inakuwa "I can't tell whether it will rain." Usitumie that hapa. "I don't know that the shop is open" ni sentensi nyingine kabisa.

If na whether hubadilishana mara nyingi, lakini kuna sehemu if haifiki. Baada ya maneno kama on na about: "It depends on whether the boat can cross." Kabla ya to: "I don't know whether to wait." Inapofuatwa papo hapo na or not: "whether or not he should sign". Ukiwa na shaka kwenye maandishi, andika whether. Katika maswali haya ya ndani haitakuangusha.

Kiswahili kina kipimo chake cha kutofautisha kama hii na ile ya sharti. Jaribu kuweka -ki- mahali pa kama. "Kama mvua itanyesha, hatutavuka" inaweza kuwa "Mvua ikinyesha, hatutavuka": hilo ni sharti. "Sijui kama mvua itanyesha" haiwezi kuwa "Sijui mvua ikinyesha"; maana inavunjika. Basi hilo ni swali la ndani. Kipimo hicho kikushike mkono kuingia hatua inayofuata, ambayo naiona ndiyo zawadi kubwa ambayo Kiswahili humpa mwanafunzi wa Kiingereza.

Hatua ya 5: Lini, au -po-?

Shuleni tuliambiwa: baada ya when na if usiweke will. Kanuni ikakaa kichwani kama msumari. Kisha mtu anaona "I don't know when he will come" kwenye gazeti na kudhani mwandishi amekosea.

Hakuna aliyekosea. Kiingereza kina when moja tu kwa mambo mawili ambayo sisi tumeyatenga vizuri: lini, na -po-. Will inakatazwa kwenye -po-. Kwenye lini inaruhusiwa, tena mara nyingi inahitajika.

"Niambie utafika lini" ni "Tell me when you will arrive."

"Niambie utakapofika", au "ukifika", ni "Tell me when you arrive."

Sentensi ya kwanza inataka saa na siku, mapema. Ya pili inataka taarifa baada ya kufika. Nililipia tofauti hii. Miaka ya nyuma nilikubali kumpokea mgeni kwenye uwanja wa ndege wa Mtwara, nikamwandikia "Please tell me when you arrive", nikikusudia anitajie muda wa ndege. Akakaa kimya. Nikadhani safari imeahirishwa, nikaenda Newala kwenye msiba. Alipotua akaniandikia ujumbe kwamba amefika, sawasawa kama nilivyomwomba, na mimi nilikuwa juu kwenye nyanda za Makonde. Mzee wa watu alikaa uwanjani hadi nilipopata mtu wa kumchukua. Neno moja, will, lingemwokoa na kiti kile kigumu.

Na if inafuata mkondo huohuo. "Sijui kama atakuja" ni "I don't know if he will come". "Akija" ni "if he comes".

Ukipata sentensi yenye zote mbili, usiogope, itafsiri kwa Kiswahili kipande kwa kipande. Vijana wanaotembeza wageni Mikindani huulizwa: "Do you know which way Livingstone went when he left Mikindani in 1866?" Kipande cha kwanza ni swali la ndani, "alielekea njia ipi", cha pili ni -po-, "alipoondoka". Jibu: alielekea upande wa mto Ruvuma, akaufuata kuingia bara.

Hatua ya 6: Can na should ndani ya tumbo la swali

Vitenzi vyetu tisa havikai mlangoni tu. Vinaweza kuwa ndani, au pande zote mbili kwa pamoja: "Could you tell me where I can get a permit?" Swali hili ni la kila siku Kilwa Masoko, kwa sababu huwezi kuvuka kwenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, bila kibali. Anayepokea wageni pale ajizoeze: "You must have a permit before you cross. I can show you where you can get one."

Kiswahili kinakupa hapa msaada mwingine. Tunaposema "Sijui niende au nibaki", "Hatujui tufanye nini", "Niambie nimpe nani", kitenzi kimeishia na e, ile hali ya kutaka na kupasa. Kila unapoisikia e hiyo ndani ya swali, Kiingereza kinataka should au to: "I don't know whether I should go or stay", au kwa kifupi, "I don't know whether to go or stay." "We don't know what we should do" ni sawa na "We don't know what to do." Fupi ndiyo inayosemwa zaidi mitaani. Ila usizichanganye ukasema "what should to do".

Tofauti ya can na should ndani ya swali ibebe kwa uangalifu unapoulizia bei na taratibu. "Could you tell me where I can sit?" inauliza wapi panaruhusiwa. "Could you tell me where I should sit?" inauliza wapi nimepangiwa. Kwenye usaili wa kazi, ya pili ndiyo inayofaa.

Hatua ya 7: Ukisimulia ya jana

Kiswahili hakirudishi nyuma wakati wa swali: "Mnunuzi aliuliza kama tunaweza kutuma sampuli." Aliuliza ni jana, tunaweza imebaki ilivyo. Kiingereza huvuta vyote viwili nyuma: "The buyer asked whether we could send a sample." Can huwa could, will huwa would, may huwa might. "Aliuliza mzigo utafika lini" ni "He asked when the cargo would arrive." Could, would, should na might zenyewe hazina pa kurudi, zinabaki. Must ya wajibu mara nyingi huwa had to: "She asked what she had to sign."

Hapa ndipo could inakuwa kweli wakati uliopita, kama kijana wa kivukoni alivyofundishwa.

Hatua ya 8: Kukisia mambo ya zamani

Hii ni kwa waliokwisha kuzishika zile saba. Mgeni anayefika Lindi akisikia habari za kilima cha Tendaguru hukosa maneno, nawe unataka kumsimulia. Katika kilima hicho, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa kwa meli, na leo iko Berlin, imepangwa mfupa juu ya mfupa, mnyama mmoja aliyesimamishwa kwa kimo kinachozidi mita 13.

Kukisia kuhusu waliopita kunataka must have au could have, na ndani ya swali mpangilio ni uleule ulionyooka: "You can imagine how heavy those bones must have been." Unaweza kufikiria mifupa ile ilivyokuwa mizito. "I often wonder how the porters could have carried them so far." Ona: the porters kwanza, kisha could have. Mimi siwezi kupita habari hii bila kusema kwamba ni babu zetu walioibeba, na mtoto wa Lindi anastahili kuweza kuisimulia kwa lugha yoyote mgeni anayoielewa.

Alama ya kuuliza

Hufuata mlango. "Could you tell me where he is?" ina alama, kwa sababu mlango ni swali. "I would like to know where he is." inamalizwa kwa nukta, hata kama unangoja jibu.

Zoezi

Sema hizi kwa Kiingereza kabla ya kusoma majibu. Ziba kwa kiganja.

1. Samahani, unaweza kuniambia basi la Newala linaondokea wapi?

2. Sina hakika kama mvua itanyesha kesho.

3. Mama aliniuliza kama ninaweza kumsaidia kubangua korosho.

4. Tukifika Lindi nitakuambia tutalala wapi.

5. Hatujui tumlipe nani.

Majibu:

1. "Excuse me, could you tell me where the Newala bus leaves from?" Ile from ya mwisho ndiyo -ea ya linaondokea, wengi huisahau.

2. "I'm not sure whether it will rain tomorrow." If nayo inakubalika.

3. "My mother asked me if I could help her shell the cashew nuts." Ukiandika can utaeleweka, lakini rudi hatua ya 7.

4. "When we get to Lindi, I will tell you where we will sleep." Kipande cha kwanza ni -ki-, hakina will, cha mwisho ni wapi, kinayo. Aliyeipata hii bila kusita ameielewa hatua ya 5.

5. "We don't know who to pay", au "We don't know who we should pay". Kama uliandika "who should we pay", umegeuza mahali pasipo na ruhusa ya kugeuza. Chukua vipande vya boksi uanze tena na hatua ya 2.